Kwanza ifahamike: siafu hakuwa mmoja

Shemeji yangu mdogo katuma sauti ya dakika 4 kwenye kundi la ukoo. Leo asubuhi imeshafika kazini kwangu. Mlinzi wa getini, mtu mzima ambaye miaka yote tunasalimiana kwa adabu, kanifungulia mlango akasema, "Karibu, Nyegere."

Basi ngoja niseme mwenyewe, maana ile sauti ina uongo mwingi. Anasema niling'atwa na siafu mmoja. Anasema nilimwita mama. Anasema bukta ilikuwa ya pinki. La kwanza ni uongo mtupu. La pili tutalifikia. La tatu, akapimwe macho: bukta ilikuwa ya bluu, ina vibata vya njano.

Naandika nimesimama. Kukaa bado sijaweza.

Mlioniona kimya wiki hii, nilikuwa Muheza msibani. Bibi yake mke wangu, Mungu amrehemu, kaondoka akiwa amepita miaka 90, kala chumvi mpaka gunia limebaki tupu, kaacha vitukuu wasiohesabika. Msiba wa namna hiyo mnaujua. Mchana watu wanalia kidogo kwa heshima, usiku wanaume tunabaki nje chini ya turubai, moto wa kuni, dele la kahawa linazunguka, na mazungumzo yanakwenda yanakotaka yenyewe.

Mimi ni mkwe. Mkwe msibani hana usingizi wala usemi. Unapasua kuni, unabeba maji, ukiulizwa kitu unajibu "naam". Ningefuata hilo, leo nisingekuwa naandika haya. Tatizo usiku wa pili nilikunywa vikombe sita vya kahawa.

Yalianza na mpira. Mjomba mmoja akataja Simba, mwingine akaitikia Yanga, Ustadhi akawakata palepale: mpira marufuku, msiba uliopita watu walishikana kanzu. Mjomba akaona asipoteze neno lake. Akasema haya, simba mwenyewe basi, yule wa porini, kuna mnyama anamuweza?

Hapo ndipo usingizi ulipoisha kwa wote.

Wa simba hakudumu. Alikumbushwa Bob Junior, yule simba wa Serengeti aliyepigwa picha kuliko maharusi, mwaka 2023 wakamuua simba wenzake vijana. Mtu wa tembo akaja na tani zake 6. Mzee mmoja aliyewahi kuishi upande wa Tsavo akamwambia kule Kenya wakulima wanatundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akigusa waya nyuki wanatoka, na lile jitu na tani zake zote linageuka linaondoka. Mwingine akasema ugumu ni kuishi, akamtaja faru Fausta wa Ngorongoro aliyekufa mwaka 2019 akiwa na miaka 57. Tukanyamaza kidogo kama vile naye tumemzika jana. Kuna aliyesema punda. Alichekwa, ila mimi namuunga mkono mpaka leo.

Halafu mtoto wa kidato cha tatu, mwenye simu na bando, akatuletea tadigredi. Kadudu hata milimita 2 hakafiki, kanaishi kwenye kuvumwani, ule ukoko wa juu ya mawe na magome ya miti, ukikakausha hakafi, mwaka 2007 wanasayansi walikapeleka anga za juu kakakaa nje kabisa bila hewa, na vingine vikarudi vizima. Babu mmoja, ndugu wa marehemu babu mkwe, akamtazama kijana yule muda mrefu.

"Unamuona kwa macho?"

"Mpaka darubini, babu."

"Basi huyo si mnyama. Huyo ni ugonjwa."

Hoja ikafungwa.

Hapo kahawa ikanipanda kichwani. Nikasema nyegere. Na sikusema kama mkwe, nilisema kama mbunge. Nikawaambia yule ana kilo 10 tu hivi lakini ngozi yake nene na imelegea, ukimkamata shingoni anageuka humohumo ndani ya ngozi anakung'ata wewe. Anavunja mzinga, nyuki wanamshambulia, yeye anakula asali. Kifutu akimgonga anaweza kuzimia, kisha anazinduka anaendelea kumtafuna kifutu yuleyule. Na ile sifa yake nyingine, ya mahali anapopenda kumshika mwanamume, hiyo sikuitaja kwa sababu Ustadhi alikuwepo, lakini kila mmoja alijua na kila mmoja akabana miguu.

Nilikuwa nimeshashinda. Muulizeni yeyote aliyekuwepo, isipokuwa shemeji.

Babu akanywa kahawa yake taratibu, akaweka kikombe, akasema, "Siafu."

Nikacheka. Jamani, nilicheka. Nilimcheka mzee wa watu, ukweni, msibani.

Hakukasirika. Akasema, "Mkwe, umewahi kuona simba akimhamisha mtu nyumbani kwake? Siafu wakija kwako usiku, unabeba watoto unalala nje. Wanaingia, wanakula mende, wanakula panya, wanamaliza kuku bandani. Wakishiba wanaondoka, ndipo unarudi. Chatu, wazee wanasema, akitaka kumeza mbuzi anazunguka kwanza kukagua kama siafu wako karibu, maana akishiba hawezi kukimbia. Huyo nyegere wako nani anamkagua?"

Yule mtoto wa simu akadakia kwamba kundi moja linaweza kuwa na siafu mamilioni, na kwamba hawana macho.

"Vipofu!" nikasema. "Babu unaniletea vipofu kwenye ligi ya nyegere? Siafu mimi namkanyaga!" Nikasimama ili nieleweke vizuri.

Sasa hapa kuna jambo nataka mlishike, kwa sababu kwenye ile sauti halimo. Nilipokuwa nimesimama pale, Babu alisema hivi, nayanukuu maneno yake: "Mkwe, sogea kushoto kidogo, unanizibia moto."

Nikasogea kushoto kidogo.

Mavazi yangu ni muhimu kwa kitakachofuata. Suruali yangu ililowa tope mchana, mke wangu akaifua akaianika. Nilivaa kanzu ya jirani, saizi yake si yangu, nimefunga vishikizo vyote mpaka kooni kama bwana harusi. Chini ya kanzu ile bukta ya mtumba. Sikutegemea kuionesha mtu.

Wa kwanza nilimsikia kwenye kifundo cha mguu. Nikadhani mbu. Nikajikuna kwa mguu wa pili bila kukatisha hoja, maana nilikuwa nimefika pale nyegere anapotia kichwa mzingani. Wa pili alikuwa chini ya goti. Huyo nilimpuuza. Nikapaza sauti, "Nyuki wote wale wanamuuma, na yeye hatikisiki!" Nilipolitamka hilo "hatikisiki" kuna kitu kikanigusa upande wa ndani wa paja, taratibu sana, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi ya taa.

Nikanyamaza.

Babu akasema, "Endelea, mkwe. Hatikisiki, halafu?"

Nikatazama chini. Mwanga wa moto ulikuwa unafika pale nusunusu. Niliona ardhi inatembea. Utepe mweusi, mpana kama kiganja, unatoka kwenye mchungwa unaelekea jikoni, askari wenye vichwa vikubwa wamejipanga pembeni wameachama taya, na katikati ya utepe, kama daraja, mguu wangu wa kushoto. Hawakuwa wanauzunguka. Walikuwa wanaupanda. Na mimi nilikuwa nimesimama pale kwa muda wa hotuba nzima.

Wazee husema siafu hawaumi ovyo. Wanapanda kwanza, kila mmoja anakwenda kwenye kituo chake, kisha mkubwa wao anapiga filimbi. Mimi filimbi sikuisikia, lakini naapa ilipigwa. Wote. Kwa pamoja. Shavu la mguu, goti, paja, kalio, na kule alikokuwa anatafuta swichi, akaipata.

Sasa tuje kwenye lile la pili. Sikusema "mama". Nilisema, "Mama yangu nakufaaa!" Ni sentensi nzima, ina kitenzi.

Ila fikirini mahali niliposemea. Nyumba ya msiba. Saa nane usiku. Ndani wamelala kina mama mkeka kwa mkeka, kila mmoja na kilio chake kakiweka karibu kama kandambili. Yowe la mwanamume likatoka nje kwamba anakufa. Hakuna aliyeuliza ni nani. Uwiiii ya kwanza ilitoka chumba cha mbele, ya pili ikaitikia uani, ya tatu ikatoka nyumba ya jirani. Kwa kuwa baba mkwe ana presha na alikwenda kulala mapema, mtu akapiga kelele kwamba Baba naye kaenda. Baba mkwe mwenyewe akakurupuka usingizini, akakuta nyumba nzima inalia, akaanza kulia na yeye. Naambiwa alilia kama dakika nzima kabla ya kuuliza nani kafa.

Mimi wakati huo nilikuwa navua. Nyie mtanihukumu, lakini siafu haondolewi juu ya nguo. Nikakamata pindo la kanzu nikalivuta juu kwa nguvu moja. Kanzu ikapanda vizuri mpaka shingoni, pale kwenye vile vishikizo vyangu vya bwana harusi, ikagoma. Mikono juu, kichwa ndani ya kanzu, sioni kitu, na kuanzia kifuani kwenda chini niko mimi, vibata vya njano, na siafu.

Na mnajua nilifarijika kidogo? Nilijiambia, uso hauonekani, hakuna atakayejua ni nani. Ndipo nikasikia sauti ya shemeji, kwa bashasha zote, ikiita jina langu mara tatu.

Nikakimbia. Wapi, sijui. Nilijikwaa kwenye gogo, nikapita kwenye jamvi la wazee, nikasikia kikombe kinapasuka. Halafu kitu kikanikaba shingo kikanivuta nyuma nikaanguka chali. Ilikuwa kamba ya nguo. Na kilichokuwa kimenizinga kooni, unyevuunyevu, kinanukia sabuni, ni suruali yangu.

Kimya kikaingia. Mtu akanifungua kishikizo, kichwa kikatoka kama cha kobe. Nilikuwa nimeanguka upande wa uani. Kina mama wamesimama mlangoni, taa za simu zote kwangu, midomo wazi, kilio kimewakatikia njiani. Mbele yao mama mkwe. Mtu ambaye kwa miaka 7 ya ndoa nikimpisha njiani nainamisha macho na yeye anavuta ushungi. Alinitazama mara moja tu, akageuka akatazama ukuta, akavua kanga ya juu akairusha nyuma bila kugeuka.

"Mpeni mwanangu ajisitiri," akasema.

Huko kwenye turubai, msibani hakuchekwi, kwa hiyo wanaume walikuwa wanajitahidi. Ustadhi alikuwa kajiziba uso kwa kofia, mabega yanaruka. Mjomba wa Simba alikuwa kauma kitambaa. Mimi nikajifunga kanga nikasimama, nikaona mabega ya Ustadhi yamezidi. Nikajipindua nisome kilichoandikwa nyuma yangu. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Yaliyobaki si mengi. Wakamwaga jivu na mafuta ya taa, msafara ukageuzwa, kuku wakaokolewa. Mke wangu alinitoa vichwa 23 kwa kucha, maana ukimvuta siafu kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata kama hakijapata taarifa. Ishirini na vitatu, shemeji. Andika chini. Alfajiri nikaomba radhi kwa baba mkwe kwa kumliza bure, akasema hapana, haikuwa bure, alikuwa na deni la machozi tangu juzi.

Jana jioni Babu kanipigia simu. Kaniuliza hali ya vidonda, nikasema vinapoa. Kaniuliza kama bado niko na nyegere, nikakohoa. Nikajikaza nikamuuliza, Babu, pale uliponiambia nisogee kushoto, ulikuwa umewaona?

Akasema mtandao unasumbua hanisikii vizuri, ila niwahi arobaini, siku hiyo watajadili samaki, na nije na suruali mbili.