Mkaa Uliokolea Ndio wa Kuogopa

Kipupwe kikiingia Njombe, kabla ya habari za asubuhi tunaulizana kama mkaa upo. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai nyuzijoto hushuka chini ya 10, na kule Kitulo nyasi huamka na barafu. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa Dar es Salaam akituambia tulale madirisha wazi tupate hewa safi, msamehe. Hajawahi kutafuta soksi gizani huku saa kumi na moja alfajiri.

Moshi wenyewe haunitishi sana. Moshi una adabu: unakuwasha macho, unakukohoza, mwisho unakutoa nje mwenyewe. Naogopa mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi. Hapa kwetu tunawasha jiko nje, tunapepea mpaka likolee, ndipo tunaliingiza chumbani tukijiona tuna akili. Kumbe mkaa huohuo ndio unaomwaga kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala hata kukohoa hakohoi.

Mwaka juzi nililala kwa shangazi. Asubuhi kichwa kilikuwa kinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Watoto nao walikuwa hivyohivyo. Shangazi akaamua ni malaria, akaanza kutafuta panadol. Lakini malaria gani inashika nyumba nzima usiku mmoja, bila homa, kisha inapungua ukikaa uani nusu saa? Jiko lilikuwa bado lina uvuguvugu pembeni ya kitanda.

"Mwanangu, bibi yako alilala na moto maisha yake yote," aliniambia.

Ni kweli, na hoja yake niliitafakari sana. Ila bibi alilala kwenye nyumba ya nyasi, kuta za udongo, mlango wa mbao usiofunga vizuri. Nyumba ile ilikuwa inapumua. (Macho na kifua vilimwisha kwa moshi, hilo nalo tusilifiche.) Nyumba ya shangazi ni ya tofali za kuchoma, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu, na tundu za hewa juu ya madirisha amezichomeka matambara kuzuia baridi. Tumebadilisha nyumba, jiko tumeliacha lilelile. Ukinitaka kulaumu, sitaanza na shangazi. Nitaanza na sisi tuliomjengea nyumba ile tukapiga picha, bila kufikiria mama wa miaka sabini atapataje joto humo.

Hata serikali naiona imeishia katikati. Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Jambo jema, lakini soma jina lake: ya kupikia. Mtungi wa gesi kwa shangazi upo, ugali unasongwa juu yake. Mkaa bado ananunua, wa kuota.

Tulichokubaliana ni hiki. Jiko linakaa sebuleni, dirisha moja likiwa wazi kiasi cha kiganja, na kabla ya kulala linatolewa nje hata kama limebaki majivu ya moto. Matambara yametolewa kwenye tundu. Nguo mbichi hazianikwi tena chumbani, maana ukungu ulishaanza kuchora ukuta nyuma ya kabati. Kitandani anaingia na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitenge.

Juzi nilimpigia simu kumuuliza kama chupa inamfaa. Akasema miguu inapata joto, hilo halina ubishi, ila chupa huwezi kuizunguka na wajukuu mkapiga hadithi.