Chembe Nyeusi Sakafuni

Viatu nilivinunua Karume, Jumamosi, kwa Sh 25,000. Muuzaji alianzia 40,000, nikaondoka mara mbili kwa hasira za uongo, akaniita mara mbili kwa huruma za uongo, tukaelewana. Vyeusi, vya ngozi, vya kamba. Akageuza kimoja kunionyesha soli: haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. "Bosi, hiki hakijawahi kukanyaga ardhi. Mzungu kanunua, kaweka kabatini, kafa." Nilimwamini, na kusema haki hakunidanganya hata neno moja. Balaa lilikuwa hapo hapo kwenye ukweli wake.

Nilikuwa najiandaa na usaili. Nimesoma Sayansi na Teknolojia ya Chakula pale SUA, Morogoro, kisha nikakaa Kimara kwa shangazi miaka miwili nikijaza maombi ya kazi, hadi namba yangu ya NIDA, tarakimu zote 20, naikariri kuliko namba ya simu ya mama. Kampuni moja ya vyakula (jina naliacha, biskuti zao bado nazila) ikatangaza nafasi moja ya afisa udhibiti ubora. Niliomba Machi. Aprili wakanipigia kunihoji kwa simu nikiwa ndani ya daladala, nikajibu maswali ya usafi wa kiwandani huku kuku wa jirani yangu akinichungulia kutoka kwenye kikapu. Mei, mtihani wa kuandika. Juni, maabara, kupima unyevu wa unga. Julai tukabaki sita wa kukutana na jopo.

"Miezi mitano?" shangazi alishangaa. "Mimi nilichumbiwa, nikaolewa na nikaachika kwa muda huo."

Mimi sikunung'unika. Mwaka 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa wakigombea nafasi 70 za Uhamiaji. Sita kwa nafasi moja ni neema, unaweza hata kuwahesabu maadui zako.

Asubuhi ya siku yenyewe nilipanda mwendokasi nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja na nusu, bahasha ya vyeti nimeinua juu kama bendera. Kushuka tu, nikahisi kisigino cha kulia kinabonyea, laini, kama nimekanyaga andazi. Nikajiambia hivyo ndivyo viatu vya bei vinavyokuwa. Siku zote nilikuwa navaa vigumu, ningejuaje?

Getini nikajiandikisha kwenye daftari la wageni: jina, unakotoka, sababu ya kuja. Nikaandika "Usaili" kwa mwandiko wa kupendeza. Mapokezi palikuwa na vigae vyeupe vinavyong'aa mpaka unaiona tai yako. Nikakaa. Baada ya muda nikamwona dada wa usafi anafagia palepale nilipopita. Akazoa, akaondoka. Nikaenda kunywa maji, nikarudi. Dada naye akarudi, akafagia tena palepale, safari hii akiniangalia.

"Kaka, umetoka kwenye mkaa?"

"Hapana dada, Kimara."

Akatikisa kichwa. Nami nikatikisa changu, nikiwasikitikia wenzangu wa Kimara kwa jinsi tunavyodharauliwa.

Nikaitwa. Jopo lilikuwa la watu watano, nikatoa shikamoo tano. Mwenyekiti mzee, mama wa rasilimali watu, injinia wa uzalishaji, na wawili ambao kazi yao ilikuwa kuandika hata nilipokuwa sijasema kitu. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti ni hatua kama kumi. Nilizitembea kwa madaha, kifua mbele, kama nilivyofundishwa na shangazi.

Na nilianza vizuri, nisijinyime sifa. Mama akauliza ni taasisi gani inasimamia usalama wa chakula. Najua mtego huo, wengi bado wanajibu TFDA. Nikamweleza kwamba tangu 2019 kazi hiyo ilihamia TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mzee akatabasamu. Mmoja wa wale waandishi akapigia mstari kitu. Nilianza kuwaza mshahara wa kwanza naununulia nini.

Injinia alikuwa hajasema neno. Alikuwa anatazama sakafu, kutoka mlangoni hadi kwangu, kutoka kwangu hadi mlangoni.

"Tuseme," akaanza taratibu, "uko eneo la uzalishaji. Unaona chembe nyeusi sakafuni. Utafanya nini?"

Swali la vitu vya kigeni kwenye chakula! Nililiota usiku kucha.

"Kwanza nasimamisha laini," nikasema kwa sauti ya mwenye kazi. "Natenga bidhaa zote zilizopita hapo. Halafu nafuata chembe zilikotoka, hatua kwa hatua, mpaka kwenye chanzo."

"Zifuate."

Nikadhani ni namna ya kusema endelea. "Nikishafika kwenye chanzo, mheshimiwa…"

"Nasema zifuate. Hizo hapo."

Nikageuka. Kutoka mlangoni, juu ya vigae vyeupe, kulikuwa na msururu wa vimabonge vyeusi mfano wa kashata iliyovunjwa, viwili viwili, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Vikaja vikaja, vikaishia chini ya kiti changu. Nikainua mguu wa kulia. Ngozi ikainuka. Soli ikabaki sakafuni, imekaa kwa heshima, na soksi yangu ikiwasalimia wajumbe kupitia tundu la kidole gumba.

"Na chanzo ukishakipata?" akauliza injinia.

"Nakitenga," nikajibu. Ningesema nini?

Mzee mwenyekiti alitoa miwani, akaifuta, akairudisha, akaitoa tena. Mama wa rasilimali watu alijifanya anakohoa, akakohoa mpaka machozi. Ratiba ilitaka baada ya maswali kila mtu azungushwe kiwandani, lakini kwa hali yangu hata korido nilikuwa sifai. Wakaniletea mabuti ya mpira, meupe, ya wageni. Nikazungushwa, nikauliza maswali mazuri kuhusu joko, nikaagwa kwa ile sentensi ya kampuni zote: "Tutakupigia."

Nikapanda mwendokasi kurudi nyumbani na suti, tai na mabuti meupe. Mama mmoja akaniuliza kilo ya steki siku hizi shilingi ngapi.

Fundi viatu wa pale stendi Kimara aliviona vile viatu akacheka kabla sijasimulia. Soli za povu hizo, akasema, poliyurethani, zinataka kutembezwa. Ukiziweka kabatini miaka, unyevu unazila polepole, kwa macho ni nzima, siku ukizikanyaga ndiyo zinakumbuka kwamba zilishakufa. Hidrolisisi. Nimefundishwa mwaka wa kwanza, nikapata B+.

Siku ya kumi na moja simu ikaita. Sauti ya mama wa rasilimali watu. Nikatoka nje mbio, nikasimama chini ya mwembe, nikasafisha koo.

"Habari za siku, kijana? Tunakupigia kuhusu yale mabuti ya kampuni."

Nikaenda kuyarudisha kesho yake, nimevaa kandambili, maana hizo hazijawahi kunificha umri wao. Mlinzi akanisukumia daftari. Jina, nikaandika. Unakotoka, nikaandika. Kwenye sababu ya kuja nikasita kidogo na kalamu, na dada wa usafi akapita nyuma yangu na ufagio, akachungulia kwanza sakafu, kisha miguu yangu, ndipo akasema, "Leo karibu, kaka."