Shemp Hayupo, Mabomba Bado Yanavuja

The Three Stooges, mabingwa wa vichekesho vya makofi na kuanguka, walicheza filamu fupi 190 kwa studio ya Columbia kati ya 1934 na 1959. Katika mzigo mkubwa namna hiyo makapi hayakosekani, na watu wakianza kuyapepeta, Scheming Schemers ya 1956 hutajwa mapema. Nami naiweka humo humo, ila si kwa sababu ile inayotolewa kila siku.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemp Howard, mmoja wa watatu hao, alifariki ghafla Novemba 22, 1955. Mkataba wa mwaka ulidai filamu nane, na nne zilikuwa bado. Mtayarishaji na mwongozaji Jules White akachukua vipande vya Shemp kwenye filamu za nyuma, akavishona na matukio mapya ya wenzake wawili, Moe na Larry. Palipohitajika mtu wa tatu akasimamishwa Joe Palma, ametupa mgongo au sura imefichwa. Hapa wanaigiza mafundi bomba wanaoivuruga nyumba ya tajiri: mabomba yametoka Vagabond Loafers ya 1949, vita vya pai vimetoka Half-Wits Holiday ya 1947.

Lawama ya kawaida ni kwamba huo ni udanganyifu: mtu kalipa tiketi, kauziwa viraka, tena vya marehemu. Hoja ina uzito, lakini hata Vagabond Loafers ilikuwa marudio. Kichekesho hicho cha mabomba kilitoka A Plumbing We Will Go ya 1940, alikocheza Curly, mdogo wake Shemp. Na mtazamaji wa 1956 angekumbukaje picha aliyoiona mara moja miaka saba nyuma? Filamu hizi zilikuja kuuzwa kwa wingi kwa televisheni baadaye, mwaka 1958.

Halafu, kichekesho chenyewe hakijachacha. Shemp yuko ndani ya hodhi, maji yanamrukia. Anaunga bomba kuyazuia, yanatokea ncha ya pili. Anaunga jingine, na jingine, mpaka anajikuta kajijengea kizimba na yeye yumo ndani, nywele zimemwangukia usoni. Jikoni, mpishi Dudley Dickerson anatazama jiko likimtemea maji. Dickerson aliandikiwa nafasi finyu ya mtumishi mweusi mwenye woga, kama Hollywood ilivyozoea siku hizo, na hilo linakera. Lakini tazama macho yake na miguu inavyogombana na sakafu: ndiye anayechekesha kuliko wote nyumbani humo.

Kwangu mimi, basi, viraka vya zamani ndivyo vizuri. Kinachoiangusha filamu ni kitambaa kipya. Kundi hili lilikuwa mafiga matatu. Moe anaamrisha na kuchapa, Larry yuko katikati akipokea makofi yasiyo yake, wa tatu ndiye anayeharibu kazi na kumpa Moe sababu ya kukasirika. Ukimwondoa huyo, Moe anampiga Larry, Larry anapepesa macho, mchezo umekwisha. Wote wawili wanajitahidi, tena Larry anapewa nafasi kuliko kawaida yake, ila kila kofi linatua bila kujibiwa. Palma hawezi kulaumiwa: kuchekesha bila uso ni kazi ngumu kwa yeyote.

Wapo watakaosema mkataba ni mkataba na watu walikuwa na familia za kulisha. Sawa. Columbia ingeweza kutoa filamu ya wawili na kusema wazi kwamba mwenzao amefariki, au kumtafuta wa tatu mapema. Joe Besser aliletwa baadaye, nafasi ikajazwa.

Matukio mapya yalipigwa Januari 1956, wiki chache tu baada ya msiba. Moe na Shemp walikuwa ndugu wa tumbo moja. Moe anasimama mbele ya kamera, kakunja uso kama kawaida, anauliza Shemp yuko wapi.