Nimefuata mbuzi yangu

Kuanzia leo mtu akinigongea mlango anaazima kitu, hata kama ni njiti moja ya kiberiti, aje na barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Sitanii. Nimekaa hapa kiuno kinaniuma, vidole viwili nimevifunga kitambaa, na kwenye simu kuna mtu wa Yombo simjui hanijui ananiita boss wa mbuzi. Tutafika huko.

Yote kayaanzisha shemeji yangu. Ana tabia ya kutuma video za kutia moyo saa kumi na moja alfajiri, wakati mimi na bando langu wote bado tumelala. Ya leo kuna jamaa kavaa suti, anaongea taratibuuu kama anabembeleza mtoto, eti furaha haipo kwenye pesa, furaha ipo kwenye vitu vidogo vya nyumbani, kikombe cha chai, salamu ya jirani. Nikaangalia pale alipokaa, zulia, kiyoyozi, dirisha hadi chini. Huyo nadhani jirani yake anamwona kwa darubini. Mi huku Tandika na wa chumba cha pili dari letu ni moja, akipiga chafya usiku mi ndo namwambia pole, na yeye anaitikia ahsante.

Lakini nikasema haya, leo Jumapili, mke yuko kwenye basi anarudi kutoka msibani Tanga, mtoto kaenda nae, nyumba kimya, Luku ina yuniti tisa, maji yametoka jana. Nikiacha kufurahi leo nitafurahi lini. Na mimi furaha yangu ndogo naijua siku nyingi: wali wa nazi. Si ile nazi ya paketi, nazi ya kukuna, tui la pili linaanza na mchele, tui zito unaliweka pembeni linakuja kumalizia, unapalia makaa juu ya mfuniko, unakaa mbali kama huna habari. Halafu ukoko. Ule ukoko ukibanduka mzima unatoka na umbo la sufuria. Kuna watu hawasalimiani hadi leo kwa ajili ya ukoko. Nikaenda gengeni, nazi elfu moja mia tano sikubishana, nikaitikisa sikioni nikasikia maji yanacheza, nikarudi napiga mluzi kama mtu asiyedaiwa.

Nikainama chini ya kitanda. Mbuzi haipo.

Wa bara mnisamehe, naongelea mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha mbao kinachokunjwa, mbele kina chuma chenye meno. Utasema si ununue nyingine sokoni. Hii hainunuliki. Hii imetoka Pangani kwa bibi yake mke wangu, imekaliwa na wanawake wa vizazi vitatu mpaka ubao umekuwa laini kama kipande cha sabuni, na Jumatano wakati anaondoka mke wangu aliniachia maagizo mawili tu, nifunge gesi na mbuzi isitoke humu ndani. Gesi nilifunga.

Alhamisi usiku. Mama Salha. Nilikuwa naangalia mpira, akasema naomba mbuzi mara moja, nikamnyooshea kidole chini ya kitanda bila kugeuka. Sijui hata ilikuwa dakika ya ngapi.

Nikaenda chumba cha mbele. "Mbuzi yako? Si nilirudisha!" Ananiangalia machoni kabisa, hapepesi. Halafu, "Aaah, ngoja kwanza. Alikuja mtoto wa Mama Kulwa akasema ametumwa."

"Ametumwa kwako aje achukue kitu changu?"

"Sasa Baba Nasra, ungekuwepo si ungempa mwenyewe."

Hilo jibu nimelizungusha kichwani siku nzima sijapata pa kulishika.

Mama Kulwa nikamkuta anasukwa, nusu ya kichwa tayari, nusu imesimama wima kama imesikia habari mbaya. Msusi kamdhibiti shingo, kwahiyo kanielekeza kwa kidole cha mguu. Kidole cha mguu, mimi, baba wa watu! "Nyumba ile yenye turubai, wana shughuli leo. Waliishiwa mbuzi, nikawasaidia." Wamesaidiwa na yeye, kwa kitu cha mke wangu.

Njiani kila mtu anauliza mbona mbiombio. Vijana wa bodaboda pale kijiweni, Mangi dukani, yule mama wa vitumbua ambaye ananidai mia tano. Wote nikawajibu nafuata mbuzi yangu. Na hapa naomba wasomi mnisikilize. Nilisema yangu. Sikusema wangu. Mwalimu wa darasa la nne alinicharaza kwa ajili ya hizi ngeli, mbuzi mnyama ni wangu, mbuzi kitu ni yangu, fimbo tatu, nimezihifadhi mpaka leo. Lakini kwenye mtaa ambao watu wanasema mbwa yangu na mwalimu yangu, elimu yangu ilinisaidia nini? Nilipofika kwenye turubai nyuma yangu walishakuwepo watoto saba na mmoja wao kabeba kamba.

Mbele pale pana mkeka, kuna mzee wa heshima kavaa kanzu na miwani, sikio moja si zima sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu, kaa."

"Ahsante, sikai mzee. Nimefuata mbuzi yangu."

Kimya. Mzee akavua miwani, akaifuta kwenye kanzu, akaivaa tena, akaniangalia upya.

"Mbuzi wa hapa nimenunua mwenyewe Pugu. Kwa hela yangu."

Nikashangaa mtu mzima na kanzu yake anadanganya mchana. "Pugu wapi mzee, ile imetoka Pangani. Tumeirithi. Mama Kulwa ndo kaileta hapa."

"Mbuzi wako ana alama gani?"

"Mguu wa nyuma una ufa, tumeuzungushia waya."

"Kavunjika mguu?"

"Haujavunjika, una ufa tu, ukikaa vibaya ndo inalia."

"Unamkalia?"

"Mi sio sana. Mke wangu ndo anaikalia, kila Jumapili. Kabla yake alikuwa anaikalia mama yake, na kabla ya hapo bibi."

Mzee akasema astaghfirullah, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mwenyewe. Mi nikadhani kaguswa na habari ya urithi. Nikaendelea, maana maelezo ukianza kutoa inabidi uyamalize yote, la sivyo unaonekana mwizi. "Na ulimi una kutu kidogo. Meno mawili yamelika."

"Mgonjwa huyo," akamwambia mwenzake. "Wa hivyo hata kwenye akika hafai, anatakiwa mzima asiye na kilema."

"Mzee, sio suala la kufaa. Mi nataka nirudi nayo kabla mke wangu hajashuka Mbezi. Huwa inalala chini ya kitanda chetu."

"Mnalala nae?"

"Tunaikunja kwanza."

Hapo mzee akasimama. Akamwita kijana mmoja wa ulinzi shirikishi, yupo pale kaja kula kama wengine ila rungu kaja nalo, akamwambia mpeleke nyuma akamtambue, na akishamtambua asiondoke. Tukaenda. Mbele kijana na rungu, mimi katikati, mzee, mwenzake, watoto saba wamekuwa kumi na tano. Huko uani chini ya mwarobaini wamefungwa mbuzi wawili, wenyewe kabisa, wenye ndevu. Akika ni kumchinjia mtoto mchanga, na huyu ni wa kiume kwahiyo wawili. Mmoja anatafuna boksi la sabuni. Akaacha kutafuna akaniangalia, nikamwangalia, na ndipo maneno yote niliyoyasema pale mkekani yakaanza kunirudia moja moja. Mke wangu anamkalia. Tunamkunja.

"Yupi?" kijana akauliza.

Sasa mtu mwenye akili angeomba radhi na kueleza. Lakini pale pale, hatua tatu kutoka kwa wale mbuzi, nikamwona bibi mmoja kakaa, khanga kaifunga kiunoni, nazi zimezunguka kila upande, chini yake ile mbao yetu na ule waya wetu. Furaha ikanitoka mdomoni kabla ya akili. Nikanyoosha kidole nikapiga kelele, "Ile pale!"

Watu wote wakamwangalia bibi.

"Mimi?" bibi akasema.

Sitaeleza kile kicheko. Wanawake walicheka mpaka mmoja akashikilia mwarobaini, mzee alicheka akakohoa akaletewa maji, yule wa rungu kachuchumaa kabisa. Mi nilibaki nimesimama kwa heshima zangu, mikono nyuma, kama mgeni rasmi. Kilipopungua nikasema sawa, naomba basi mbuzi yangu niende.

"Uende nayo wapi?" bibi akasema. "Pilau wanapika wenzio huko mbele, huku wali wa nazi wa wageni wa mchana, nazi ishirini na mbili hizi hazijaguswa. Mna haraka na mbuzi yenu, haya, kaeni mkune wenyewe." Akanyanyuka. Akanipisha.

Jamani nilikuna. Mimi. Pale uani, suruali nimeikunja, wanawake kumi na mbili wananisimamia kama mtihani wa taifa. Usifike kwenye kifuu shemeji, chicha litakuwa jeusi! Zungusha nazi, usizungushe mkono! Mbona unakuna kama unalipa kisasi! Nazi ya kwanza nilijikata kidole, ya pili nikajikata kingine, ya tatu wakaanza kunyamaza kidogo kidogo, ya tano nikapata mwendo, ule mlio wake krrr krrr na unga mweupe unashuka kwenye sinia kama haujawahi kuguswa na dhiki. Pembeni yangu bibi anakamua tui kwenye kifumbu, tui zito linadondoka kwa matone makubwa, ananisimulia habari za mumewe ambaye pia alikuwa hajui kukuna. Katoto kenyewe kenye akika kamelala mapajani kwa shangazi yake, siku saba, kichwa kimenyolewa kinang'aa, kila nikikwaruza kanakunja uso halafu kanalala tena. Kuna kaupepo kalikuwa kanapita pale chini ya mwarobaini. Nazi ya tisa baba mtoto akaja, akaikagua mbuzi, akasema kaka hii ni butu ndo maana unateseka, akachukua tupa akaupiga ule ulimi meno yote, akakaza na waya. Nilikuna kumi na nne. Nane zilizobaki niliwaachia kwa huruma, na si kwamba nilichoka.

Sasa wakati mi nakuna, huku nyuma Mama Salha, kwa kujisikia vibaya, kaandika kwenye group la mtaa: "Wapendwa mbuzi wa Baba Nasra amepotea tangu alhamisi, mwenye taarifa apige namba hii." Kaweka namba yangu. Kaweka na picha, mbuzi mweupe kasimama kwenye majani mabichi ya nchi gani sijui, nyuma kuna mlima una theluji. Tandika! Kuna watu kumi na moja wameandika pole. Mmoja kasema alimwona jana stendi. Mwenyekiti kakumbusha kwamba mifugo inayozurura mtaani ina faini.

Na mke wangu yumo kwenye group.

Akanipigia akiwa ndo anashuka Mbezi. "Baba Nasra, tumeanza kufuga lini?" Nikamwambia nitakueleza, nikaaga pale mbiombio, wakanifungia pilau na mnofu kwenye bakuli la plastiki la kurudisha, bibi akasema na kesho uje kuna mahali pengine pana shughuli. Nikapita mtaani na mbuzi kwapani. Wale wa bodaboda wakauliza umempata? Nikawaambia nimempata. Wakatazama kwapani, wakatazamana. Hakuna aliyesema kitu.

Mke kafika saa kumi na mbili, hajavua hata viatu kainama chini ya kitanda. Akaitoa. Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye meno.

"Nani kaipiga hii tupa?"

Mwaka mzima ananiambia niipige tupa. "Mimi," nikasema, vidole viwili nimeviinua vilivyofungwa, ushahidi huo hapo.

Akaniangalia muda. "Na waya umeukaza."

"Nilikuwa na nafasi."

Akaenda kupakua pilau anaimba. Ile nazi ya elfu moja mia tano naiona haipo mezani, sijauliza, nasikia tu chumba cha mbele wanapika kitu kinanukia tui. Luku ya yuniti tisa imeshakuwa mbili na mi pasi sijawasha, friji sina, nadhani inanywewa na mtu.

Na huyu wa Yombo ndo hanipi nafasi. Nimemwambia mara tatu kaka yangu mbuzi yangu imepatikana, ilikuwa ya mbao. Anasema usijali boss, nimemfunga hapa nyumbani, anakula vizuri, toa thelathini tu ya usumbufu umchukue. Nikamwambia basi piga picha nikuthibitishie kwamba si wangu. Kapiga. Mwekundu, ana kidoa cheupe kwenye paji la uso, mnene huyo, kasimama kwa maringo kama kapangisha chumba na kalipa miezi sita. Mke kaja kachungulia simu kwa nyuma ya bega langu, kijiko mkononi, akasema hebu kuza picha.