Nirudishieni Machozi Yangu

Chai imepoa mbele yangu na sina hamu nayo. Mpwa wangu, huyu aliyekuja kwetu kusoma na sasa anasoma simu, kanijia mezani anacheka, ananiambia: "Mjomba, Tony karudi."

Tony yupi?

"Tony Stark, mjomba. Yule wa mavazi ya chuma. Yaani siyo yeye kabisa, ni mwigizaji yule yule, ila safari hii ni adui. Anaitwa Doctor Doom. Desemba 2026."

Kumbe hata habari yenyewe ina kutu. Julai 2024, huko San Diego, Robert Downey Jr., mwigizaji mwenyewe, alisimama jukwaani na joho lake la kijani, akavua barakoa, ukumbi mzima ukalipuka kwa mayowe. Wao walipewa habari wakiwa wamejiandaa. Mimi napewa leo, na kitafunwa mdomoni. Hata msiba wa kweli mtu huambiwa kwanza ale, kisha akae, kisha ndipo mzee mmoja akohoe.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina watoto wawili, ni mweka hazina wa kikoba, na kwenye kikao cha mtaa nikinyoosha mkono mwenyekiti ananiona. Siyo mtu wa kubabaishwa na wanaume waliovaa suruali za kubana. Lakini mwaka 2019, huyo Tony alipokufa kwenye sinema, nililia. Nililia na ile miwani yao ya plastiki usoni, machozi yakajikusanya mle ndani, mwisho nikawa namwona steringi, shujaa mwenyewe wa picha, anakufa chini ya maji.

Na nililia kwa haki. Sisi tuliokulia kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, tuliokaa kwenye benchi la mbao lenye msumari mmoja ambao kila mtu alikuwa anaujua, tulilelewa kwa sheria moja tu: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akajifunga kitambaa kwa meno na kuendelea na kazi. Maadui mia wanammiminia risasi, zote zinapiga ukuta. Yeye ana bastola ya risasi sita na anamaliza kijiji. Anayekufa ni rafiki yake, hasa yule aliyetoka kuonyesha picha ya mchumba. Hata Lufufu, yule mtafsiri wetu wa sinema, na chumvi zote alizokuwa anatutilia kwenye zile tafsiri zake, hapo hakugusa.

Sasa hawa Marvel, wenye filamu hizi, wakamuua. Tena siyo kwa bahati mbaya. Walimkuza miaka 11, kuanzia 2008, tukamzoea, tukajua na mtoto wake, halafu wakamvika yale mawe, akapiga vidole, kwisha. Wakamzika kando ya ziwa, watu wamepanga mstari kwa suti nyeusi.

Filamu yenyewe, Avengers: Endgame, ni saa 3 na dakika 1. Bisi sikununua, maana kwa bei ile ya kopo moja nyumbani tunapika ugali siku mbili. Niliingia na karanga zangu za kukaanga kwenye mfuko wa koti, na mpango wangu ulikuwa mzuri: nitafune mabomu yanapolia. Nani angejua kwamba sehemu yote ya mwanzo watu wanahuzunika tu? Wamekaa, wanatazamana, mmoja kanenepa, mwingine analia kwenye mkate. Hakuna hata baruti. Karanga zikanilainikia mdomoni kama uji, na jirani yangu wa kulia kila nikimeza anageuka.

Basi ikaisha. Taa zikawaka, watu wakainuka, mimi nikabaki. Mnajua kwa nini nilibaki. Hawa jamaa wametufundisha tabia mbaya tangu filamu ile ya kwanza: baada ya majina yote kupita, wanakurushia kipande kidogo. Ukitoka mapema, kesho unadharaulika kazini.

Akaingia mama mmoja wa usafi, ana ufagio, kizoleo na mfuko mweusi. Mtu wa makamo ya mama yangu mdogo. Akafagia mpaka safu yangu, akasimama.

"Baba, imeisha."

"Shikamoo mama. Bado haijaisha."

"Marahaba. Imeisha. Si unaona taa?"

"Kuna kipande kimebaki, mama. Huwa wanakiweka mwisho, baada ya majina."

Akageuka kutazama. Majina yanapanda tu, kama daftari la wapiga kura lililopewa miguu.

"Hawa wote ni nani?"

"Ndio waliotengeneza."

"Wote hawa?" Akatazama kidogo. "Mfagiaji wameandika?"

Nikasema kwa ukubwa ule walivyo lazima watakuwa wameandika. Akasema, haya, nitafutie. Nawaambia ukweli, watu wazima wawili tulikodoa macho. Madereva nikaona. Wapishi nikaona. Wa nywele, wa vumbi la kompyuta, wa kushika waya, na mtu wa kumsaidia mtu wa kushika waya. Mfagiaji hapana. Mama akaguna, akakaa viti viwili kutoka kwangu, ufagio kauweka katikati ya magoti.

"Umelia?"

"Mafua, mama."

"Kafa nani?"

"Steringi."

Hapo akanigeukia mzima mzima. "Steringi kafa?" Na yeye alikuwa anaijua sheria! "Na kiingilio wamewarudishia?"

Ikabidi nimweleze toka mwanzo. Kwamba kuna jitu la zambarau, Thanos, linaona viumbe tumezidi na chakula hakitoshi, likakusanya mawe sita, likapiga vidole, nusu ya viumbe wote wakawa majivu. Mama akafikiri.

"Na madeni yao?"

"Nani?"

"Hao waliopotea. Nusu ya watu, si wana madeni? Kwenye kikoba chetu sisi lile jitu lingepiga vidole, ungeona: wote waliokopa wangepotea, tungebaki tuliokopesha."

Kama mweka hazina, nilikosa jibu. Miaka yote tumebishana juu ya filamu ile, nani mwenye nguvu kuliko nani, nyundo ya nani nzito, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la maana kama lile.

"Sasa," nikasema, "miaka mitano baadaye mashujaa wakawarudisha wote."

"Miaka mitano!"

"Ndiyo. Wakatokea kama walivyoondoka."

"Wakawakuta wake zao?"

"Nadhani wapo."

"Wapo wapi? Mimi mume wangu alikwenda machimboni Mererani miezi minane tu, aliporudi nilishauza kitanda." Akatikisa kichwa. "Na mwenye nyumba je? Wa kwangu ukichelewa wiki anapaka rangi. Huyo karudi miaka mitano, anakuta chumba chake kina mtu na watoto watatu na kuku. Anakwenda wapi usiku ule? Hilo wameonyesha?"

"Hawajaonyesha."

"Saa tatu zote?"

"Na dakika moja."

Mlinzi akachungulia mlangoni, akauliza kama mama bado yumo humo. Na mama, ambaye dakika kumi nyuma alikuwa ananitoa, akamjibu kwa sauti ya mwenye mali: "Subiri wewe! Kuna kipande kimebaki!"

Tukasubiri. Majina yakaisha. Kioo kikawa cheusi, ikaja nembo yao. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Mama naye akajiweka sawa. Ndipo tukasikia: ko. Ko. Ko. Chuma kinagongwa. Halafu kimya. Halafu hakuna kitu.

"Ndiyo nini hicho?"

"Ni nyundo, mama. Ni yeye, marehemu, anagonga lile vazi la kwanza kule pangoni. Mwaka 2008. Ni kumbukumbu."

"Picha yake iko wapi?"

"Haina picha. Ni sauti tu."

Akainuka polepole, mkono kiunoni. "Baba, nimeacha safu nne sijafagia nasubiri kusikia nyundo. Kama ni nyundo si ningeshuka kwa mafundi chuma wa Gerezani?" Kisha akainama, akatazama chini ya kiti changu. "Na haya maganda ya karanga?"

"Nimeyakuta, mama."

Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo sijaumaliza.

Gari la mwisho la Gongo la Mboto lilikuwa limeshaondoka. Nikachukua bodaboda, na kijana wa watu alipouliza kwa nini nimenyamaza, nikamwambia steringi kafa; akazima pikipiki katikati ya barabara abishe. Nauli akapandisha, nadhani kwa hasira.

Lakini hayo yote ningeyasamehe kama siyo la nyumbani. Nimefika saa saba usiku, macho mekundu. Mke wangu kafungua mlango, kaniona, kashika kifua: "Kuna nini?" Na mimi, kwa uchovu, badala ya kusema natoka sinema, nikasema: "Tony amefariki." Nikaenda kulala. Nilikosea wapi hapo? Nilisema kitu cha kweli.

Asubuhi naamshwa na harufu ya maandazi. Natoka nje, kuna mkeka, kuna kina mama watano na kanga zao, na mama wa genge ana daftari, kafika shilingi 27,000. Mke wangu alidhani ni yule Tony fundi wa Kipawa aliyetujengea choo. Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? Kwamba mama Fulani ametoa 2,000 yake ya nyanya kwa ajili ya tajiri wa Marekani mwenye chuma kifuani? Nikakaa kwenye mkeka. Nikapokea pole. Nikaulizwa kaacha watoto wangapi, nikasema mmoja, wa kike, na hilo pia ni kweli.

Fundi Tony mwenyewe alipita mtaani kwetu miezi miwili baadaye. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Ndiyo maana nasema huyu kijana anaponiambia Tony karudi, tena adui, hajui anagusa nini. Namwambia haiwezekani, anaanza kunifundisha: "Mjomba, mbona Arnold? Terminator ya 1984 alikuwa adui, ya 1991 akaja kuwa steringi, mkashangilia." Tulishangilia, sikatai. Lakini adui kuwa mwema ni toba, mtu anapokelewa, anapewa maji ya kunywa. Steringi kuwa adui huko ni kututapeli. Na hapo akaingiza habari za malimwengu mengi, eti kila mtu ana wenzake wanaofanana naye huko kwingine. Mimi wa ulimwengu huu mmoja kitambulisho kilinichukua miaka mitatu. Hao wenzangu wameandikishwa na nani?

Na tukianza kudaiana na hawa watu, tutadaiana. Yule dada wa mvua, Storm, mnajua walimkuta wapi? Kwenye kitabu chao cha katuni cha mwaka 1975, profesa wa Marekani anamfuata Kenya, watu wanamwomba mvua na anawapa, mazao yanaota, kila mtu kwake. Profesa akambembeleza, akamchukua, akampeleka New York kupigana na watu wa ajabu. New York! Kule mvua ina shida gani? Sisi huku bwawa likishuka kina tunagawana umeme kwa zamu kama dawa ya kikohozi, na mwenye kuleta mvua kwa mkono yupo, ana ajira nje.

Na Kiswahili chetu je? Tarehe 8 Septemba 1966, Star Trek, ile tamthilia ya watu wa chombo cha angani, inaanza kurushwa Marekani, siku ya kwanza kabisa, Kiswahili kinasikika angani. Fahari, siyo? Aliyekisema ni jini la kunyonya chumvi mwilini mwa watu, limejigeuza kijana mtanashati, linamtongoza Uhura, dada mmoja wa kwenye chombo hicho, ili limnyonye. Jina la dada wa watu limetokana na uhuru, halafu mtu wa kwanza kumsemesha kwa lugha ya jina lake ni tapeli wa chumvi. Kidogo amwamini! Yaani hata angani ukisikia mtu anakuita rafiki kwa Kiswahili kizuri, shika mkoba.

Mpwa kanitengenezea orodha. Anasema ili nimwelewe huyo Doom nianze kuangalia sasa hivi, filamu hizi na zile, na tamthilia zake, na usiruke hii kwa sababu kuna mtu anatokea dakika ya mwisho. Nimehesabu na kalamu ya kikoba. Bando linalotakiwa hapo, ukiongeza na nauli, na bisi ambazo sinunui, naweza kuezeka kibanda cha kuku. Nikamuuliza, hakuna mtu wa kunisimulia tu? Anasema atanisimulia yeye, nimnunulie bando.

Na amelisema lile neno kwa sauti. "Tony karudi, Tony karudi," dirisha liko wazi, na genge liko hapo nje.

Kuna mtu anagonga. Kama ana daftari, semeni sipo.