Chanjo ya mafua ipelekwe kliniki ya sukari

Watu wazima wengi wa Mombasa hawajaikataa chanjo ya homa ya mafua. Hawajawahi kuulizwa kama wanaitaka. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba wazee wetu wanaogopa sindano, ilhali kila mwaka mahujaji wa mji huu, wengi wao wakiwa watu wa makamo na wazee, huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya safari, kwa kuwa Saudi Arabia huwataka wote wawe na cheti chake na wao wenyewe wanajua pa kwenda.

Chanjo ya mafua haijawekewa njia kama hiyo. Ratiba yetu ya kawaida imejengwa juu ya mtoto mchanga, mama mjamzito anayedungwa ya pepopunda na, tangu 2019, msichana wa kuanzia miaka 10 anayekingwa saratani ya mlango wa kizazi. Mzee mwenye pumu akiitaka ya mafua, ataitafuta hospitali ya kibinafsi na kuilipia mfukoni, tena iwapo kuna aliyemwambia kwamba ipo.

Wala mafua si jambo dogo kwa mtu kama huyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka, na mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au wa mapafu ndiye ambaye kikohozi cha leo huweza kumgeukia nimonia. Tangawizi na ndimu humtuliza koo, lakini hazimkingi. Chanjo nayo haimkingi kila mtu: katika misimu ambayo imelingana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua hadi kumwona daktari kwa asilimia 40 hadi 60, na kwa kuwa virusi hubadilika, hulazimu kudungwa upya kila mwaka. Chanjo ya sindano huwa na virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, hivyo haiwezi kumtia mtu mafua, ingawa mkono huuma siku moja au mbili.

Tazama kliniki ya sukari asubuhi yoyote. Wazee wameketi kwenye mabenchi, kadi mkononi, na mmoja baada ya mwingine hupandisha mkono wa kanzu au wa buibui karibu na bega ili apimwe presha. Muuguzi yupo, jina limo daftarini, mkono uko wazi. Hapo ndipo chanjo ya mafua ingetolewa, badala ya kumtaka mama wa Likoni avuke feri siku nyingine kuitafuta.

Kwa kuwa Kenya mafua huzunguka karibu mwaka mzima, na kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka, hakuna haja ya kungoja kusi ianze kuvuma. Serikali ya kaunti inunue dozi, izitoe bila malipo siku hizo hizo za kliniki, na ianze na wauguzi wenyewe, maana wao ndio watakaoulizwa na wazee hao kama wamedungwa.