Wesley So: msaliti wa Ufilipino, au mchezaji aliyejua hesabu?

Kwenye Olimpiadi ya chesi ya Baku, Septemba 2016, ubao wa tatu, yaani nafasi ya mchezaji wa tatu wa kila timu, ulitoa medali mbili ambazo bado zinazua ubishi. Dhahabu ilikwenda kwa Wesley So wa Marekani, aliyevuna pointi 8.5 katika michezo 10. Shaba ilikwenda kwa Eugene Torre wa Ufilipino, mzee wa miaka 64, aliyevuna 10 katika michezo 11. So ni mzaliwa wa Bacoor, mkoa wa Cavite, Ufilipino, aliyehamia shirikisho la Marekani mwaka 2014. Torre ni wa Iloilo. Mmoja aliondoka, mwingine akabaki, na kila anayemwita So msaliti humleta Torre kama shahidi wake.

Shahidi huyo anastahili kuulizwa swali moja kwanza. Imekuwaje mwenye 10 kati ya 11 apate shaba, na mwenye 8.5 kati ya 10 apate dhahabu? Ni kwa sababu medali za ubao hazigawiwi kwa pointi tupu. Huangaliwa umevuna dhidi ya nani. Marekani ilikuwa ikigombea ubingwa, ikapangiwa timu nzito raundi baada ya raundi. Ufanisi wa So ulikokotolewa kuwa karibu 2900 kwenye Elo, alama za kupimia nguvu za mchezaji wa chesi. Ufilipino ilikuwa chini zaidi kwenye msimamo, na ufanisi wa Torre, pamoja na maajabu yake yote, ulikuwa chini ya 2850. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoamua maisha ya So miaka mitatu kabla ya Baku, lakini wanaomlaumu huigusa kwa nadra.

Kijana huyu alipata ugrandimasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, Desemba 2007 akiwa na miaka 14 na mwezi mmoja na siku kadhaa. Mwaka uliofuata alivuka 2600 akiwa mdogo kuliko Magnus Carlsen wa Norwei, bingwa wa dunia wa baadaye, alipofanya hivyo. Mwaka 2009 alishinda Kundi C, la chini kabisa, kwenye mashindano ya Corus huko Wijk aan Zee, Uholanzi, na mwishoni mwa mwaka akawatoa vigogo Vassily Ivanchuk na Gata Kamsky kwenye Kombe la Dunia la Khanty-Mansiysk. Alikuwa na miaka 16. Baada ya hapo, kwa takriban miaka mitatu, akawa anazungukazunguka maeneo ya 2650. Wengi walidhani kipaji kimefika ukingoni. Waliosema hivyo hawakupiga hesabu, na ni hesabu rahisi.

Kwa mchezaji wa kiwango hicho, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, hutumia kizidishi cha 10: unachukua matokeo ya mchezo, unatoa matokeo yaliyotarajiwa, unazidisha kwa 10. Mwenye 2650 akikutana na mwenye 2450, tofauti ya 200, anatarajiwa kupata 0.76. Akishinda, anaongeza 2.4. Akitoka sare, anapoteza 2.6. Yaani sare moja inafuta ushindi mmoja na chenji inabaki kwa mpinzani.

Sasa mpeleke kwenye mashindano ya wazi ya raundi tisa, wapinzani wake wakiwa na wastani wa 2450. Ili asipande wala kushuka anahitaji pointi 6.84. Akipata 7 kati ya 9, matokeo ambayo mara nyingi humweka mtu kwenye zawadi, anaongeza pointi 1.6. Kutoka 2650 hadi 2700 ni pointi 50. Gawanya. Anahitaji mashindano zaidi ya 30 ya namna hiyo bila kuteleza hata moja, na kadiri anavyopanda ndivyo matarajio yanavyopanda naye, kwa hiyo hata 30 hayatoshi. Siku moja tu ya homa, au kijana mmoja wa 2400 aliyejiandalia ufunguzi wake vizuri, na kazi ya miezi miwili imekwenda.

Ubingwa wa taifa ndiyo mbaya zaidi. Dhidi ya wapinzani wa 2350, tofauti ya 300, anatarajiwa kupata 0.85 kila mchezo. Raundi 11 ni pointi 9.35. Bingwa akimaliza na 9 kati ya 11 bila kufungwa, anapewa kombe na kupunguziwa pointi 3.5. So alikuwa bingwa wa Ufilipino 2009, 2010 na 2011.

Halafu mweke mtu huyohuyo wa 2650 kwenye meza ya walioalikwa, wastani wa 2750. Anatarajiwa 0.36. Akitoka sare tisa mfululizo, bila ushindi hata mmoja, anaondoka na pointi 12.6 za nyongeza. Sare tisa zinamlipa karibu mara nane ya zile 7 kati ya 9 za mashindano ya wazi. Na mezani anakutana na watu wanaomfundisha kitu kila siku: maandalizi ya ufunguzi yanayofika hatua ya 20, miisho ya mchezo ambayo mtu wa 2450 angekuwa ameshajisalimisha.

Meza hizo ni za mwaliko, na mwaliko humfuata aliye karibu, anayefahamika kwa waandaaji, na ambaye nauli yake si mzigo. Ushindi wa Kundi C ulimpa So nafasi ya Kundi B mwaka 2010. Kundi A, la vigogo wa dunia, alifika 2014. Kutoka C hadi A ni miaka mitano kwa mtu aliyemtoa Ivanchuk.

Hapa ndipo hoja ya Torre inapolegea. Ni kweli Torre alibaki na akafika mbali. Alikuwa grandimasta wa kwanza wa Asia, 1974, baada ya Olimpiadi ya Nice. Mwaka 1976 alishinda mashindano ya watu wanne mjini Manila mbele ya Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati huo, na alimfunga Karpov mwenyewe. Mwaka 1982 alifuzu kwenye mashindano ya baina ya kanda ya Toluca, Mexico, pamoja na Lajos Portisch, akaingia kwenye mechi za wagombea, zinazomtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, akatolewa na Zoltán Ribli kwa 6–4. Lakini angalia neno Manila linavyojirudia. Mashindano ya baina ya kanda ya 1976 yalichezwa Manila. Mechi ya ubingwa wa dunia kati ya Karpov na Viktor Korchnoi, 1978, ilichezwa Baguio, Ufilipino hiyohiyo. Mashindano ya baina ya kanda ya 1990, Manila tena. Olimpiadi ya 1992, Manila. Florencio Campomanes, Mfilipino, aliongoza FIDE tangu 1982 hadi 1995, na hata kabla ya hapo alikuwa stadi wa kuishawishi serikali itoe fedha za chesi. Torre hakuhitaji kuufuata ulimwengu kwa sababu kwa miaka karibu ishirini ulimwengu ulikuwa ukiletwa nyumbani kwake. So alipofikisha 2600, meza hizo zilikuwa zimekwishaondolewa.

Mwaka 2012 akaenda Chuo Kikuu cha Webster, St. Louis, Marekani, kwenye timu ya kocha Susan Polgar. Mwaka 2013 akavuka 2700. Juni mwaka huo akaomba kuhamia shirikisho la Marekani, na shirikisho la Ufilipino likakataa kutoa ridhaa. Kanuni za FIDE za wakati huo hazikumfunga mchezaji milele: bila ridhaa, angeweza kusubiri miaka miwili, au shirikisho analoliacha lilipwe fidia. Kwa mchezaji wa kiwango chake iliyotajwa ilikuwa euro 50,000. Mwanafunzi wa chuo hana fedha hizo. Akaandika barua ya wazi kwa rais wa shirikisho, akieleza kwamba anataka nafasi ya kuwa mchezaji wa juu na kwamba hana watu wa kumshika mkono. Uhamisho ulikamilika 2014.

Wapo wanaosema aliondoka kwa hasira ya fedha. Julai 2013 alileta dhahabu kutoka Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia mjini Kazan, kisha hakupewa zawadi ya peso milioni moja, kwa kuwa ujumbe ule ulikwenda chini ya chombo ambacho kamati ya Olimpiki ya nchi haikukitambua. Kisa hicho kinatia uchungu, na Wafilipino wengi wamekishika kama maelezo kamili. Tarehe zinakataa. Maombi yalitangulia medali.

Hoja nzito ya upande wa pili ni nyingine, na haipaswi kupitwa haraka. So alivuka 2700 na akaingia Kundi A la Wijk huku akiandikwa bado Mfilipino. Kilichombadilisha, basi, kilikuwa makazi: St. Louis, wenzake wa mazoezi, safari fupi za kwenda kwenye mashindano. Alihitaji kuhama mji. Je, alihitaji kuhama bendera? Julio Catalino Sadorra anaishi Texas, alisoma huko, na aliendelea kuichezea Ufilipino. Kule Baku alikaa ubao wa kwanza akamzuia Carlsen kwa sare. Inawezekana, basi, kukaa Marekani na kuichezea Manila.

Na hasara ya nchi ni ya kweli. Timu ya Olimpiadi yenye mtu wa 2750 ubao wa kwanza huwashusha wengine wote ubao mmoja, na kila mmoja hupata mpinzani nafuu. Ikimpoteza, wote wanapanda mahali pasipo pao. Mashindano ya kutafutia vigezo vya ugrandimasta yanataka mchezaji akutane na magrandimasta wasiopungua watatu na wapinzani kutoka mashirikisho mengine. Jina kubwa la nyumbani ndilo linalomfanya mfadhili afungue mkoba kuleta wageni hao. Safari za ujana za So hazikujilipia zenyewe. Nchi inayoona wauguzi wake wakimalizia masomo na kupanda ndege ina haki ya kukasirika ikiona na grandimasta wake anapanda hiyohiyo.

Pamoja na hayo, kesi ya Sadorra haimalizi mambo. Sadorra ni grandimasta hodari ambaye hakuwa akigombea kuwa katika watu kumi bora wa dunia. Kwa aliyekuwa akigombea, bendera ina bei inayoshikika. Ubingwa wa Marekani ni wa wachezaji wa shirikisho la Marekani peke yao: watu 12, kila mwaka, wapinzani wengi wa 2600 na zaidi, zawadi ya kwanza ya makumi ya maelfu ya dola. Ni mwaliko ambao huombi. Mtu akiwa na hakika ya meza moja ya namna hiyo kila mwaka anaweza kupanga kalenda, kumlipa msaidizi wa kumwandalia funguzi, na kuacha kukimbizana na mashindano ya wazi kwa ajili ya kodi ya nyumba. Oktoba 2014 So alishinda dola 100,000 kwenye mashindano ya chesi ya Las Vegas, akaacha chuo na kuwa mchezaji wa kulipwa.

Gharama ipo pia kwake. Aprili 2015, kwenye ubingwa wake wa kwanza wa Marekani, alipokonywa mchezo wa raundi ya tisa dhidi ya Varuzhan Akobian baada ya hatua sita tu. Alikuwa na karatasi kando ambamo alijiandikia ajikague mara mbili, mara tatu, na autumie muda wake. Sheria inakataza maandishi yoyote ya kujisaidia wakati wa mchezo, hata yasiyotaja kete hata moja, na alikuwa ameshaonywa mara mbili kwenye mashindano hayohayo. Ilikuwa wiki ya mvutano mkubwa na familia yake. Kijana wa miaka 21 anayejiandikia maneno ya kujituliza huku akijua mwamuzi yuko nyuma yake hakuwa kwenye raha ambayo watu walidhani ameifuata.

Matokeo yalikuja. Kombe la Sinquefield 2016, dhahabu ya timu Baku ambayo Marekani haikuwa imeipata tangu 1976, Wijk 2017, michezo 67 bila kufungwa hadi Shakhriyar Mamedyarov alipoukata mfululizo huo mjini Shamkir. Februari 2017 alikuwa na 2822, wa pili duniani. Mwaka 2019 alimshinda Carlsen 13.5–2.5 kwenye ubingwa wa dunia wa chesi ya Fischer, ambamo kete za nyuma hupangwa kwa bahati nasibu. Kilele kile cha mwisho, mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi ya kawaida, hakukifika. Kwenye mashindano ya wagombea ya Berlin 2018 alipata 6 kati ya 14. Wanaosema hakupata alichokifuata wana namba hiyo ya kushika. Lakini alichokiomba kwenye barua yake kilikuwa nafasi, na nafasi aliipata.

Mkoa wa Cavite umetoa mwingine, Daniel Quizon wa Dasmariñas, aliyekamilisha ugrandimasta mwaka 2024. Chukua mtu wa 2500 kama yeye. Nyumbani, dhidi ya wapinzani wa 2350, matarajio ni 0.70 kwa mchezo: pointi 6.3 katika raundi tisa ili asipoteze kitu, na kila sare inamgharimu pointi 2. Akiwekwa Manila kwenye meza ya watu kumi yenye wastani wa 2600, matarajio yanashuka hadi 3.24, na akipata 4 kati ya 9, yaani kufungwa zaidi ya anavyoshinda, anaongeza 7.6. Meza moja ya namna hiyo kwa mwaka ni tiketi tisa na hoteli ya siku kumi na moja. Shirikisho likiilipia, Quizon ana sababu ya kukaa. Lisipoilipia, St. Louis inajulikana ilipo.